Wa Kwetu Hawarudi Maana Hawakuondoka

Nianze na tamko, na atakayekasirika akasirike mapema: sisi huku kwetu hatujawahi kumsubiri mwimbaji arudi jukwaani. Tunajua kumsubiri mwimbaji apone. Tunajua kuchangishana ili akatibiwe. Tunajua kusubiri afe, halafu redio zote zipige nyimbo zake siku tatu mfululizo na watangazaji walie hewani. Lakini kumsubiri mtu aliyejiondokea kwa hiari yake, akiwa mzima, akakaa kimya miaka na miaka huku anakula na kuvaa vizuri, kisha siku moja akasema sasa nimependa kuimba tena, njooni, hilo hatulijui. Wala si bahati mbaya. Kuna sababu, na sababu yenyewe ni aibu.

Ndugu msomaji, jambo hilo nimeliona kwa macho yangu mara moja tu, tena ugenini. Ilikuwa Septemba 2014, ukumbi wa Hammersmith Apollo, London. Mwimbaji ni mwanamke wa Kiingereza, Kate Bush, wakati huo ana miaka 56. Wengi wenu jina hilo mmelijua juzi tu, 2022, tamthilia ya Stranger Things ilipouchukua wimbo wake wa 1985, Running Up That Hill, ukapanda hadi namba moja Uingereza ukiwa na umri wa miaka 37. Lakini mama huyu alianza zamani. Mwaka 1978, akiwa na miaka 19, alikuwa mwanamke wa kwanza kufika namba moja Uingereza kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1979, akafanya ziara moja ya jukwaani, wiki sita hivi. Ikaisha. Hakufanya nyingine. Albamu ziliendelea kutoka, tena bila haraka. Kati ya ile ya 1993 na ile ya 2005 alikaa miaka 12 bila kutoa hata moja. Kwenye jukwaa, labda wimbo mmoja mmoja katika hafla za hisani, basi. Maonyesho yake mwenyewe hayakuwepo kwa miaka 35.

Sasa fikirini. Mtoto aliyezaliwa siku ile ziara inakwisha, siku ya kurudi kwake ni mtu mzima mwenye watoto wake. Machi 2014 akatangaza kwamba atarudi. Tikiti za usiku wote 22 ziliisha kwa robo saa. Mimi niliingia kwa fadhila za mwenzangu wa kazini aliyefanikiwa kupata mbili.

Nitasema nilichokiona, maana hoja yangu imo humo. Watu walilia kabla hajafungua kinywa. Wanaume wazima wenye mvi, wamevaa makoti ya ofisini, wanalia. Akaingia pekupeku, nyuma yake waitikiaji wamejipanga kama watu wanaokwenda ngomani. Akaimba nyimbo chache zinazojulikana. Halafu mambo yakabadilika: jukwaa likawa bahari, na mwanamke amepotea majini usiku, amevaa jaketi la kuelea, anajitahidi asilale usingizi maana akilala amekufa. Juu ya vichwa vyetu mngurumo wa helikopta na taa ya kumtafuta, ikitupita mmoja mmoja. Kipindi cha pili kilikuwa cha ndege, mchoraji na jua linalozama hadi likachomoza tena. Mwanawe, kijana wa miaka 16, alikuwemo humo humo akiigiza na kuimba. Mama mwenyewe alishasema wazi kwamba ni kijana huyo aliyemsukuma arudi.

Ila kilichonigusa zaidi ni vile ambavyo HAKUVIFANYA. Hakuimba wimbo hata mmoja kutoka albamu zake nne za kwanza. Ule wimbo wa 1978, uliomfanya ajulikane dunia nzima, hakuuimba. Kwetu angezomewa, si ndiyo? Pale sikusikia mtu akiudai. Alikuwa ameomba mapema watu wasipige picha wala kurekodi kwa simu. Nami nilikaa pale usiku mzima nisione kioo cha simu hata kimoja kikiwaka. Na hadi leo filamu ya maonyesho yale haijatolewa. Ilitoka sauti peke yake, mwaka 2016. Kwa maneno mengine, mama yule alirudi alipotaka, akaimba alichotaka, mbele ya watu waliokubali masharti yake, kisha akarudi zake nyumbani. Na mwaka 2022, wimbo wake uliposhika namba moja na dunia nzima inamwita, hakupanda jukwaani. Alishukuru tu.

Nilitoka Hammersmith nimefurahi, nisidanganye. Lakini nilipokuwa kwenye treni furaha iligeuka hasira, maana nilianza kupiga hesabu. Miaka 35! Nani alimlipia kodi ya nyumba? Nani alimnunulia chakula?

Jibu ni jepesi: nyimbo zake zilimlipia. Watu wanapenda kutuambia kwamba wasanii wakubwa wa Ulaya wana kipaji cha ajabu, au kwamba Wazungu wanaheshimu sanaa. Hadithi! Uingereza nako wapo waimbaji wengi walioibiwa mpaka shati. Tofauti ni makaratasi. Alipokuwa bado binti wa shule, EMI ilimsainisha mkataba, ikampa fedha za kuanzia, na kabla ya albamu ya kwanza akapata muda wa kwenda kujifunza kucheza. Mwaka 1983 akajenga studio yake mwenyewe kwenye shamba la wazazi wake, asidaiwe kwa saa na mwenye studio. Haki za rekodi ya ule wimbo wa 1985 anazimiliki yeye. Na juu ya yote hayo, katika nchi ile chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi kipo tangu 1914. Wimbo ukipigwa redioni, unahesabiwa. Ukipigwa baa, unahesabiwa. Akilala anaingiza, akipika anaingiza. Basi kimya chake kilikuwa na mtu wa kukigharamia, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe wa jana.

Turudi nyumbani.

Miaka michache kabla ya safari ile, nilihudhuria sherehe ya kampuni moja, Dar es Salaam. Siitaji, na mzee nitakayemsimulia simtaji. Ilipofika saa ya burudani, mshereheshaji akatangaza kwa mbwembwe kwamba leo tunaye "gwiji wa zilipendwa", amerudi jukwaani baada ya kimya kirefu. Watu wakapiga vigelegele. Mzee akapanda, suti imempwaya, akapewa kipaza sauti. Hakukuwa na bendi. Hakukuwa hata na mpiga gitaa mmoja. Kilichokuwepo ni CD. Wakabonyeza, ikaanza kuimba sauti yake ya ujana, naye kazi yake ikawa kufungua na kufumba mdomo kuifuata. Kwenye beti la pili akachelewa kidogo, labda kikohozi, labda aliona mtu anayemjua. Sauti kwenye CD haikumsubiri. Ikaendelea bila yeye. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka babu yake, simu zote juu. Baada ya nyimbo mbili akavishwa kitenge, akapewa bahasha, na mshereheshaji akaita keki.

Wanasema alirudi. Amerudi kutoka wapi? Mzee yule hakuwa amestaafu akatulia. Alikuwa hana pa kupigia. "Kimya kirefu" walichokitangaza kilikuwa ni njaa. Na hata pale alipoitwa hakuitwa yeye, iliitwa CD, yeye akawekwa kama picha ya jalada.

Tuangalie wale tunaowajua wote, ili isije ikasemwa nimeokoteza kisa kimoja. Muhidini Maalim Gurumo alikuwemo NUTA Jazz tangu ilipoundwa 1964, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Safari Sound katika miaka ya 80, akarudi tena Msondo. Aliimba zaidi ya miaka 50. Alitangaza kustaafu 2013, ana miaka 73, tena akiwa mgonjwa. Mwaka huo huo Diamond Platnumz akamzawadia gari, na nchi nzima ikapiga makofi. Nami sina neno baya juu ya kijana yule. Alifanya la utu. Lakini jiulizeni: inakuwaje mtu aliyeimba nusu karne, ambaye sauti yake imepigwa redioni kila wiki tangu wengi wetu hatujazaliwa, apate gari kwa hisani ya mwimbaji mwenzake mwenye umri wa mjukuu wake? Gari lile lilipaswa kununuliwa na nyimbo zake. Aprili 2014 tukamzika. Septemba ya mwaka huo huo mimi niko London namshangaa mwimbaji aliyepumzika miaka 35! Hasira yangu imetoka hapo.

Bi Kidude wa Unguja, je? Fatuma binti Baraka. Mwaka 2005 alipewa tuzo kubwa ya WOMEX, ulimwengu ukamsimamia. Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika, ila alikuwa mkongwe wa wakongwe, na bado yuko jukwaani na ngoma yake. Sisi tulijisifu kwa umri ule. Tuliutangaza kwa watalii. Aliipenda kazi yake, sisemi hakuipenda. Lakini wachache mno walithubutu kuuliza: bibi huyu akiamka kesho na kusema nimechoka, anaishije? Alifariki Aprili 2013, na mamia ya watu walifika mazikoni. Kwa mazishi sisi hodari.

Na Remmy Ongala. Mwaka 2001 kiharusi kilimpiga. Huyu angalau aliondoka, tutasema, japo aliyemwondoa ni maradhi. Aliporejea hakurejea na nyimbo za zamani, alirejea na injili. Hadi leo, zaidi ya miaka kumi tangu afariki Desemba 2010, utamsikia mtu pale Sinza, kwenye kituo cha basi chenye jina lake, akinung'unika kwamba Remmy "alituharibia". Alikuharibia nini, ndugu yangu? Ulimlipa lini? Mtu amerudi kutoka kaburini, amebeba alichokikuta huko, wewe unamdai disko la 1990. Remmy alifanya kile kile alichokifanya Kate Bush: alikataa kuimba cha jana. Tofauti ni kwamba Kate Bush alikataa ana akiba, Remmy alikataa ana mwili uliopooza nusu. Nani hapo shujaa?

Najua nitakayojibiwa. Nimeshayasikia vibarazani.

La kwanza: "Uingereza ni nchi tajiri, sisi maskini." Uongo. Redio zetu zina matangazo ya biashara asubuhi mpaka usiku. Kampuni za simu zimeuza nyimbo kama miito, shilingi kwa shilingi, zikajua hasa umeuziwa lini na kutoka namba gani. Wakitaka kuhesabu wanajua kuhesabu. Umaskini unakuja tu pale inapofika zamu ya mtunzi.

La pili: "Wazee wetu walikuwa waajiriwa, bendi zilikuwa za mashirika, walilipwa mshahara." Kweli, na tusikane wema wa mfumo ule. NUTA ilinunua magitaa ambayo mwanamuziki asingeweza kuyanunua, na mwisho wa mwezi kulikuwa na kitu mfukoni. Lakini mshahara ni wa mwezi, wimbo ni wa maisha. Bendi ilikwenda Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, ikarekodi, na malipo kama yalikuwepo yaliishia hapo hapo. Kanda ikabaki kabatini kwa mwenye redio, ikapigwa miaka 30. Shirika likifa au likiichoka bendi, magitaa yanarudi stoo, na mwimbaji anatoka na sauti yake tu, sauti ambayo tayari nakala yake iko kwa mwingine na inafanya kazi bure. Hapo ndipo alipozaliwa yule mzee wa CD.

La tatu: "Sheria sasa ipo." Ipo. Sheria ya Hakimiliki ni ya 1999, Namba 7, na COSOTA ilitokana na sheria hiyo. Na mwaka 2022 serikali iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa kwenye vyombo vya utangazaji. Hiyo ni hatua, nami naipongeza bila kinyongo. Lakini toka 1999 hadi 2022 ni miaka 23! Hesabu wenyewe waliozikwa katikati hapo: Moshi William, Remmy, Bi Kidude, Gurumo, Shaaban Dede. Sheria iliwakuta hai, mgawo ukawakuta makaburini.

La nne ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana linasemwa na wasanii wenyewe, tena vijana wa rika letu: "Msanii wa kweli hafi njaa, anajituma, akikaa kimya basi amekwisha." Ndiyo maana mnatoa wimbo kila baada ya wiki mbili, unasahaulika kabla betri ya simu haijaisha. Ndiyo maana mnapanda majukwaani kuimba juu ya sauti zenu wenyewe, kwa pleibeki, maana mazoezi na bendi vinahitaji muda, na muda hamna. Mnaogopa kimya kama mtoto anavyoogopa giza. Mimi siwalaumu kwa kuogopa. Mna haki ya kuogopa, mmeona yaliyowapata wazee. Nawalaumu kwa kuugeuza woga huo kuwa sifa.

Kwani kimya cha mwimbaji si uvivu. Mkulima anajua: shamba lisilopumzishwa linachoka, mwisho linatoa mabua matupu. Yale niliyoyaona Hammersmith, ile bahari, wale ndege, havikutungwa kwa wiki mbili. Wimbo wa yule mwanamke aliyepotea majini ulitoka kwenye albamu ya 1985, na ule wa ndege kwenye albamu ya 2005, ndipo vikaletwa jukwaani 2014. Kuna kazi zinazodai miaka. Nchi isiyowapa watunzi wake miaka isishangae ikikosa kazi hizo. Tutabaki kusema "zamani ndiko kulikuwa na muziki", kana kwamba zamani ilikuwa na maji ya kunywa tofauti.

Basi nadai nini? Nadai mambo ya kawaida kabisa.

Nadai kila redio na televisheni iwe inatoa orodha ya nyimbo ilizopiga, na orodha hiyo ibandikwe hadharani na majina ya watunzi, ili mjukuu wa mtunzi kule Morogoro aweze kuisoma na kuuliza, "ya babu iko wapi?" Nadai kanda za iliyokuwa Radio Tanzania zitafutiwe wenyewe, mmoja mmoja, walio hai na warithi wa waliokufa, na kila senti inayotokana nazo igawiwe kabla haijaliwa. Nadai makampuni yanayowaita wazee kwenye sherehe zao yawaite na bendi, walipwe kwa mkataba ulioandikwa na kusainiwa kabla ya siku ya sherehe, na vitenge vyao wakavishane wenyewe. Na ninyi vijana wenzangu mnaotunga, someni karatasi kabla ya kuweka saini. Mnayemwita "bosi" leo ndiye atakayekuwa anauza sauti zenu mkiwa na miaka 70.

Kwetu sisi wasikilizaji pia nina neno. Tuache kudai. Mwimbaji akirudi kutoka kwenye maradhi, kutoka msikitini, kutoka kanisani, kutoka kulea watoto, tumsikilize alicholeta. Anayetaka sauti ya 1975 akanunue rekodi ya 1975, tena anunue kwa aliye na haki ya kuiuza, siyo ile ya kuchomewa kwenye flashi pale stendi. Jukwaani yuko mtu wa leo.

Natamani siku moja nisikie kwamba mwimbaji fulani mkubwa wa Ilala au Kisauni haonekani. Niulize yuko wapi, niambiwe yuko nyumbani, anamwagilia mchicha, hana shida, kasema hajisikii kuimba mwaka huu wala mwakani. Nisione mtu anapitisha daftari la michango. Miaka ipite, watu waanze kumkumbuka, wabishane kwenye daladala kama atarudi au harudi. Mpeni kwanza nauli ya kuondokea. Kurudi atajijua mwenyewe.